Nyuklia Imechelewa, Lakini Tusiwasingizie Watu wa Uyombo



Ndugu yangu, dada yangu, wiki hii mmoja wenu alitutumia ujumbe mkali. Ni kijana wa hapa Nakuru, fundi wa kuchomelea vyuma. Akasema: "Nyinyi watu wa haki ndio mnarudisha hii nchi nyuma. Kama hamngepiga kelele kule Kilifi, saa hii tungekuwa na stima ya nyuklia, na mimi singekuwa nafunga kazi saa kumi na mbili jioni kwa sababu stima imepotea."

Hatukumblock. Hatukumtukana. Ujumbe wake una uchungu wa kweli ndani yake. Ukiwa na mashine inayotaka stima na huna stima, hotuba za haki hazikulishi. Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna sehemu za nchi zinazopewa stima kwa mgao. Na hakuna aliyesahau tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia giza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Kwa hivyo tumjibu kwa heshima, na tujibu kwa ukweli. Swali lake ni moja: nani amechelewesha nyuklia ya Kenya?

Tuanze na tarehe. Serikali iliunda kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia mwaka 2010. Mwaka 2012 ikawa bodi kamili. Mwaka 2019, Sheria ya Nishati ikaigeuza kuwa shirika linaloitwa NuPEA. Mwanzoni tuliambiwa stima ya nyuklia ingewaka mapema miaka ya 2020. Halafu tukaambiwa ni 2027. Na sasa? 2027 ndio mwaka wa kuanza ujenzi, stima yenyewe ni 2034. Soma hapo tena pole pole. Mwaka uleule uliokuwa wa kuwasha taa umegeuka kuwa mwaka wa kuanza msingi. Mtoto aliyezaliwa kamati ilipoundwa atakuwa na miaka 24 siku ya kuwasha swichi, kama hiyo tarehe nayo haitasogezwa.

Sasa watu wa Uyombo waliingia wapi? Kijiji chao kiko Kilifi, karibu na Watamu, baina ya Mida Creek na msitu wa Arabuko Sokoke. Ni watu wa bahari na mashamba. Mwaka 2023 walipeleka ombi bungeni wakitaka mradi usimamishwe. Mei 2024 waliandamana, polisi wakawapiga, watu wakaumia. Mwaka 2025 serikali ikageuza macho kwenda Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Piga hesabu mwenyewe. Kati ya 2010 na 2023 kuna miaka kumi na tatu. Katika hiyo miaka yote hakuna mvuvi wa Uyombo aliyeziba barabara. Hakukuwa na mradi wa kuzuia. Kulikuwa na ofisi, safari, semina, ripoti na bajeti. Ile ratiba ya kwanza ilikufa bila kuguswa na mwanakijiji hata mmoja. Kumlaumu mvuvi ni kama kuchelewa kulala halafu kumlaumu muadhini kwamba Alfajiri imekuja mapema.

Nani basi? Kuna sababu ambazo ni za kazi yenyewe, na ni haki tuzitaje, tusije tukawa watu wa kulaumu tu.

Mtambo wa nyuklia si jambo la ajabu kimsingi. Unachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, mashine inatoa stima. Hapa Nakuru tunaujua huo mchezo. Menengai na Olkaria moto ni wa ardhini, Mwenyezi Mungu aliuweka pale. Kwenye nyuklia moto unatoka kwa kupasua atomu za urani. Tofauti ni kwamba mvuke wa Menengai ukivuja utakuchoma wewe uliye karibu, lakini mionzi ikivuja inaharibu ardhi na maji kwa vizazi, na takataka zake zinabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeweka mambo 19 ambayo nchi lazima iyatayarishe kwanza: sheria, msimamizi huru, wataalamu, gridi, pesa, mahali pa takataka, na kukubaliana na wananchi. Ndiyo, wananchi wako ndani ya hiyo orodha. Hawakuongezwa na wanaharakati. Wakaguzi wa shirika hilo walikuja Kenya mwaka 2015, wakarudi tena 2021.

Halafu kuna gridi. Hili fundi wetu atalielewa haraka kuliko mwanasiasa yeyote. Mtambo uliokuwa ukizungumzwa miaka yote ni wa megawati 1,000. Kenya nzima, saa ile ya jioni kila mtu amewasha taa na jiko, inatumia zaidi ya megawati 2,300. Kanuni ya wataalamu ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia kumi ya gridi, kwa sababu siku ukizima ghafla, waliobaki lazima waweze kubeba mzigo. Asilimia kumi yetu ni kama megawati 230. Ukiweka mtambo wa 1,000 na uzime saa moja usiku, umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya stima ya nchi kwa dakika moja. Hiyo 25 Agosti itakuwa desturi. Ndiyo maana siku hizi unasikia habari za mitambo midogo ya megawati 300 kushuka chini. Na hata mtambo mzuri hausaidii kama nyaya na transfoma za mtaani zimechoka. Stima nyingi zinazopotea Lanet, Free Area au huku kwetu Dundori mvua ikipiga hazipotei kwa sababu nchi haina nyuklia. Zinapotea kwa sababu nguzo imeanguka.

Na tusidhani ni Kenya tu. Wafaransa, ambao wameishi na nyuklia tangu babu zetu wakiwa vijana, walianza kujenga mtambo wa Flamanville mwaka 2007 wakisema utakuwa tayari 2012. Uliunganishwa na gridi Desemba 2024, na gharama ilikuwa imepanda karibu mara nne. Finland walianza Olkiluoto ya tatu mwaka 2005 wakitarajia 2009. Ilianza kazi kamili 2023. Marekani nao, kule Vogtle, walichelewa miaka saba na bei ikapita mara mbili.

Lakini kuna kuchelewa na kuchelewa. Angalia Barakah, kule Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wameenda kutafuta riziki. Walianza kujenga 2012, wakataka kuwasha 2017. Pesa wanazo, mafundi wa Korea Kusini wapo. Lakini waendeshaji hawakuwa wamekamilisha mafunzo, na msimamizi wa usalama akakataa kutoa leseni mpaka Februari 2020. Hakuna aliyesema msimamizi ni adui wa maendeleo. Leo mitambo minne ya pale inatoa karibu robo ya stima ya nchi ile. Huko ndiko kuchelewa kwenye faida: mtu mwenye mamlaka alisema "bado", na akasikilizwa.

Sasa angalia upande wa pili, Ufilipino. Wakati wa Marcos walijenga mtambo wa Bataan kwa zaidi ya dola bilioni mbili. Ukamalizika miaka ya 1980. Marcos akaanguka 1986, na mwaka huohuo Chernobyl ikalipuka. Mtambo haukuwashwa hata siku moja. Deni lakini halikuzimwa. Wafilipino walilipa mpaka 2007. Fikiria mwenyewe: miaka ishirini unalipa bili ya stima ambayo hujawahi kuiona.

Hapa ndipo sisi kama vijana wa Kiislamu tunatakiwa kukaa sawasawa kwenye kiti. Mtambo wetu umetajwa kugharimu kama shilingi bilioni 500. Nchi haina hizo pesa mfukoni. Misri, kwa mfano, inajenga El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25. Mkopo wa namna hii una riba, na riba hailali ujenzi ukisimama. Kila mwaka wa kuchelewa unaongeza deni kabla taa moja haijawaka. Sisi tumefundishwa tangu madrasa kwa nini riba imekatazwa: inamkamua asiye na kitu na kumnenepesha aliyenacho. Basi tusiishie kuisema kwenye mawaidha ya ndoa na duka. Tuulize pia: hili deni la taifa ni la masharti gani, litalipwa na nani, na mkataba uko wapi tuusome?

Wacha nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu mfano bora wa kuchelewa hauko Siaya wala Kilifi. Uko mbele ya macho yetu.

Ukipanda barabara ya kutoka Lanet kuja Dundori, ukageuka nyuma, Menengai iko pale chini ng'ambo ya mji. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima pale mwaka 2011. Mvuke ukapatikana. Kampuni tatu zikapewa kila moja mtambo wa megawati 35, jumla 105. Ilikuwa iwe kazi ya miaka michache. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa stima 2023. Mvuke ulikuwa umeshatoka ardhini, kilichokuwa hakijatoka ni mikataba, dhamana za serikali na pesa za mabenki. Hakuna kijiji kilichoandamana kuuzuia. Hakuna mwanaharakati wa kulaumiwa. Na hiyo ni megawati 35 za teknolojia ambayo Kenya inaijua kuliko nchi nyingine yoyote Afrika. Kama tumechukua zaidi ya miaka kumi kwa mvuke, kwa nini mtu atuambie nyuklia imekwama kwa sababu ya mvuvi?

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nao ni hivyo hivyo. Mapanga 365 ya upepo yalisimama tayari mwaka 2017, megawati 310, lakini laini ya kuleta stima hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Upepo ulivuma, mapanga yakakaa bure, na Wakenya wakalipishwa faini ya mabilioni kwa stima ambayo haikufika. Tena Oktoba 2021 mahakama ikasema hati za ardhi ya mradi ule hazikupatikana kwa kufuata sheria. Yaani walikosea wananchi, na bado wakachelewa.

Ndiyo hoja yetu kubwa leo, na naomba uibebe ukitoka hapa: kuwaruka wananchi hakuharakishi mradi. Jirani zetu wa Nyandarua wanajua. Pale Kinangop ulipangwa mradi wa upepo wa megawati 60. Watu hawakuelezwa vizuri kuhusu ardhi yao na afya yao, kukawa na maandamano na mapambano na polisi, na mwaka 2016 mradi ukafa kabisa. Lamu, mradi wa makaa ya mawe wa megawati zaidi ya 1,000 ulipata leseni 2016. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Olkaria, hapa hapa kaunti yetu, Wamaasai walihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo, wakalalamika mpaka Benki ya Dunia, ikabidi watu wakae chini kupatanishwa baada ya nyumba kuhamishwa, badala ya kabla.

Aliyeruka hatua ndiye aliyechelewesha. Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, na Mtume wetu (s.a.w.) alishauriana na maswahaba kwenye mambo mazito ya vita na amani. Kama yeye hakujiona mkubwa kuliko mashauriano, mheshimiwa na mkurugenzi ni akina nani? Shura si kuita wazee chini ya hema, kuwapa soda na fulana, kuwasainisha karatasi ya mahudhurio halafu kuandika kwenye ripoti kwamba "jamii imekubali". Shura ni pale ambapo jibu la "hapana" linaweza kubadilisha kitu.

Sasa nifike mahali panapouma, na panatuuma sisi wenyewe kwenye ukurasa huu.

Uyombo walipopigwa tulipaza sauti. Tulisambaza picha, tuliweka dua, wengine wetu walisafiri. Mradi ulipogeuzwa kwenda Siaya, tukashangilia. Tukaandika "ushindi". Halafu tukanyamaza kabisa. Kwani mwambao ndio una watu, na ziwani hakuna? Samaki wa Ziwa Victoria hawaliwi hapa Nakuru? Nenda soko lolote la mjini ukaulize ile tilapia na omena zinatoka wapi.

Kama tulipinga Uyombo kwa sababu wananchi hawakuambiwa ukweli, basi swali hilo hilo lazima liulizwe Siaya. Kama tulipinga kwa sababu pale ni karibu na ndugu zetu Waislamu tu, basi hatukuwa tunatetea haki. Tulikuwa tunatetea kabila letu kwa jina la dini. Dini yetu imetuamuru tusimame na uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, na chuki au mapenzi kwa watu yasitupotoe.

Na tusiende Siaya na majibu tayari mfukoni. Kule wako wengi wanaoutaka mradi. Waziri wa Nishati, Opiyo Wandayi, ni mtu wa huko, na viongozi wengi wameupigia debe. Vijana wa Bondo na Rarieda wanataka ajira kama vijana wa Bondeni wanavyotaka. Wakisikilizwa, wakaonyeshwa karatasi zote, hatari na faida, fidia na mahali pa takataka, halafu wakasema "tunautaka", hiyo ni haki yao na sisi hatuna neno. Tunachodai ni kwamba waulizwe kikweli, na kwamba siku mwingine akisema "hapana" asikutane na rungu la polisi kama Uyombo.

Kwa hiyo, msimamo wetu kwa kifupi. Hatusemi nyuklia ni haramu, wala hatusemi ni mkombozi. Tunasema ni amana. Mwenye amana huulizwa. Na miaka zaidi ya kumi na tano ya bajeti, mishahara na safari ni amana ambayo bado haijatolewa hesabu.

Usiishie kubonyeza "like". Kuna kazi.

Kwanza, ijue haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizoko serikalini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Wakikataa, unakata rufaa kwa ofisi ya Ombudsman. Tutaandaa barua ya pamoja kuuliza mambo matatu: mradi umetumia pesa ngapi tangu 2010, ukubwa wa mtambo unaopangwa sasa ni upi na gridi itaubeba vipi, na masharti ya mkopo ni yapi. Kama unajua kuandika barua vizuri, tunakuhitaji. Kama hujui, njoo ujifunze.

Pili, usipuuze vikao vya hapa. Menengai bado inajengwa, na Olkaria inaongezwa. Chifu akiita baraza kuhusu mradi, nenda. Usiseme hilo ni la wazee. Ukiona tangazo la ripoti ya mazingira gazetini au ukutani, lipige picha ulitume kwenye grupu. Muda wa kutoa maoni huwa mfupi, na ukipita umepita. Hata kijiji cha watu wachache kama sisi Waislamu wa Dundori kinaweza kuwa na mtu mmoja anayesoma kila tangazo.

Tatu, kumbuka Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka kule, upande huu huu wa kaunti yetu, na zaidi ya watu 40 wakafa wengine wakiwa usingizini. Bwawa ni ukuta wa udongo na maji, si jambo la sayansi ya juu. Lakini hakuna aliyelikagua kwa wakati na kupiga kelele. Ukisikia mtu anasema maswali ya usalama yanachelewesha maendeleo, mtajie Solai, kisha nyamaza umwache afikiri.

Na wewe fundi uliyetuandikia: hasira yako iko sawa, umekosea tu mlango wa kubisha. Hukukosa stima kwa sababu mwanamke wa Uyombo alibeba bango. Umeikosa kwa sababu wenye ofisi walipewa muda, pesa na imani yako, wakazitumia, na hakuna aliyewauliza. Njoo tukaulize pamoja. Barua ya kwanza tutaiandika baada ya Ijumaa, na jina lako tungependa liwe juu.

Allah atujaalie tuwe watu wa uadilifu kwa wetu na kwa wasio wetu. Aamin.

Wassalaam.